Sweta la Sufu la Kuvaa Ndani ya Koti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila baridi inapoanza, mengine kwa maneno yale yale. Kama una haraka, soma swali la kukagua sweta dukani na lile la kufua. Hayo mawili peke yake yangeokoa masweta mengi sana.

## Mambo ya mwanzo

Sufu na sufi ni kitu kimoja?

Hapana. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi ni zile nyuzi nyepesi kama pamba zinazotoka kwenye matunda ya msufi, ambazo hujaziwa mito na magodoro. Watu huyachanganya maneno haya na bado wanaelewana, ila ukitafuta mtandaoni kwa neno lisilo lake utaletewa mito.

Kwenye lebo, hasa za nguo zilizotengenezwa Ulaya, utakuta pia vifupisho: WO ni sufu, WV ni sufu mpya ambayo haijawahi kuwa nguo nyingine, WS ni kashmiri, PA ni nailoni na PC ni akriliki, yaani nyuzi za plastiki zinazoiga sufu. Vikariri, kwa sababu kuna lebo zisizo na maelezo mengine yoyote.

Kwa nini sufu inatia joto kuliko pamba?

Sufu yenyewe haina joto. Joto ni la mwili wako. Kazi ya sweta ni kulizuia lisiondoke, na kinachozuia hasa ni hewa iliyotulia. Unywele wa kondoo umejikunjakunja, kwa hiyo hata ukisokotwa kuwa uzi haulali ukanyooka. Katikati ya hizo nywele hubaki vijishimo vingi vya hewa. Lifinye sweta la sufu kwenye ngumi kisha uliachie: linafura tena. Fulana ya pamba ukiifanyia hivyo inabaki imekunjamana.

Jambo la pili ni jasho. Sufu hunyonya mvuke hadi kufikia karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi majimaji, na wakati inanyonya hutoa joto kidogo. Pamba hulishika jasho likabaki limegusa ngozi. Ukiwa unapanda mlima huoni tatizo. Ukisimama kupumzika dakika tano ndipo unapoanza kutetemeka.

Ni kweli sufu inatia joto hata ikilowa?

Ni nusu kweli, na ile nusu nyingine imewaponza watu. Sweta lenye unyevunyevu, la mtu aliyetoka jasho au aliyepita kwenye manyunyu, bado linafanya kazi vizuri. Sweta lililoloa chepechepe ni jambo jingine: linakuwa zito, linavutika, na linakupoza. Litakupoza polepole kuliko pamba, basi. Kwenye mvua ya kweli unahitaji koti lisilopitisha maji juu yake.

Bora sweta moja nene au mawili membamba?

Kwa mtu anayetembea, mawili membamba. Kati ya nguo moja na nyingine kuna hewa, na hewa hiyo unaipata bure. Zaidi ya hapo, unaweza kuvua moja ukipata joto. Sweta nene moja lina hali mbili tu: umelivaa au hujalivaa.

Mpangilio wa kawaida ni nguo tatu. Ndani kabisa fulana nyembamba ya sufu laini inayobana kidogo, juu yake sweta, kisha koti la kuzuia upepo. Kanuni hii si ya jana. Mwili wa George Mallory, mpanda milima Mwingereza aliyepotea kwenye mlima Everest mwaka 1924, ulipopatikana mwaka 1999 ulikuwa bado na mabaki ya nguo za hariri, pamba na sufu zilizovaliwa moja juu ya nyingine, na juu yake koti la gabadini, kitambaa kilichofumwa kwa kubana.

Sweta nene lina nafasi yake hata hivyo. Kwa mlinzi wa usiku, mvuvi aliyekaa kwenye mtumbwi, au mtu anayefanya kazi mezani katika chumba baridi, unene unafaa kwa sababu mwili hautengenezi joto jingi la kuhangaika nalo.

## Kuchagua na kununua

Kuna merino, sufu ya mwanakondoo, Shetland… nichukue ipi?

Kwanza jua kwamba sufu hupimwa kwa unene wa unywele, na kipimo ni mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo sufu inavyokuwa laini, na ndivyo inavyochakaa upesi inaposuguliwa. Ulaini na uimara huwa havikai nyumba moja. Wengi wanaolalamika kwamba sweta lao liliisha msimu mmoja walilichagua kwa kulipapasa na shavu.

Merino, yaani sufu ya kondoo wa jamii ya merino, ina nywele nyembamba, mara nyingi chini ya mikroni 24, na ile laini sana hushuka hadi 18 au chini yake. Ndiyo ya kuvaa karibu na ngozi. Kwa nguo ya ndani sijui bora kuliko hiyo. Kwa sweta la juu linalosuguliwa na koti na mkoba, merino nyembamba iliyofumwa kwa ulegevu ni pesa iliyotupwa. Merino iliyofumwa kwa kubana kwa uzi wa nyuzi mbili au zaidi ni habari nyingine.

Sufu ya mwanakondoo ni ile ya mkato wa kwanza, mnyama akiwa na miezi michache. Ni laini kiasi, ina hewa nyingi, lakini huota vijipira, yaani vifundo vidogo vya nywele zilizojiviringisha kwa kusuguliwa.

Sufu ya Shetland, visiwa vya kaskazini mwa Scotland, ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayetaka sweta moja tu la kazi zote. Ni nyepesi, inachoma kidogo, na baada ya kufuliwa mara mbili tatu vitanzi vyake hushikana vikawa kama kitu kimoja. Hapo hata uzi mmoja ukikatika hautelezi na kuacha tundu upesi.

Sufu ya Iceland hutoka kwa kondoo mwenye manyoya ya aina mbili: marefu magumu ya nje yanayosukuma maji, na mafupi laini ya ndani yanayotunza joto. Uzi wake wa asili husokotwa kidogo sana, kwa hiyo sweta huwa na joto la ajabu kwa uzito wake. Ila linachoma, na linaacha nywele kwenye kila kitu unachokalia.

Kashmiri je?

Ni manyoya ya ndani ya mbuzi, membamba kuliko merino nyingi, na kwa uzito ule ule inatia joto zaidi. Ni nguo nzuri ya kukaa nayo kwa utulivu. Si nguo ya kuvaa chini ya mkoba wa mgongoni wala ya kupasulia kuni. Nyuzi zake zikiwa fupi, na kwenye kashmiri rahisi huwa fupi, viwiko huanza kuonyesha ngozi mapema.

Alpaka, manyoya ya mnyama wa Amerika Kusini wa jamii ya ngamia, kwa kuwa wengi huiulizia pamoja: ni ya joto na inateleza vizuri mkononi, lakini haina ule mkunjo wa sufu ya kondoo, kwa hiyo sweta zito la alpaka tupu hurefuka lenyewe. Ikichanganywa na sufu tatizo hupungua.

Nichague asilimia 100 ya sufu au mchanganyiko?

Inategemea mchanganyiko ni wa nini. Nailoni kiasi cha asilimia 10 hadi 20 huongeza uimara, hasa kwenye uzi mwembamba. Soksi nzuri za sufu karibu zote zina nailoni. Hiyo usiikimbie.

Akriliki ni tofauti. Huwekwa ili kushusha gharama na kulifanya sweta lijae mkononi. Sweta la asilimia 70 akriliki na 30 sufu litauzwa kwa picha ya kondoo, lakini utalivaa kama sweta la plastiki: litanuka jasho upesi, na vijipira vyake vitang'ang'ania kwa sababu nyuzi za akriliki hazikatiki zikadondoka.

Sufu iliyorejelezwa, yaani masweta ya zamani yaliyochanwachanwa na kusokotwa upya, si ujanja wa leo. Ilianza Batley, huko Yorkshire, Uingereza, mwaka 1813. Shida yake ni kwamba kuchanwa hukata nyuzi zikawa fupi. Kwa koti zito haina neno. Kwa sweta, ningeikubali ikiwa imechanganywa na sufu mpya au nailoni kidogo.

Nitajuaje dukani kwamba sweta hili litadumu?

Hapa tukae kidogo. Usianze kwa kulipapasa, maana ulaini wa dukani mara nyingi ni dawa ya kulainisha iliyotiwa kiwandani na huondoka kwa maji ya kwanza. Anza hivi.

Liinue kuelekea mwangaza. Kama unaona taa au dirisha waziwazi kupitia vitanzi, na sweta si la mtindo wa matundu, limefumwa kwa ulegevu. Limetumia uzi kidogo na litavutika. Kisha shika ukingo wa mkono, ule wenye mistari unaovutika, uutanue hadi mwisho na uuachie. Ukirudi mara moja, vizuri. Ukirudi kwa uvivu ukabaki umepanuka kidogo, fikiria utakuwaje baada ya miezi sita ya kuukunja kila unaponawa.

Halafu ligeuze ndani nje. Watu hawageuzi, na siri zote ziko huko. Tazama mshono wa bega na wa kwapa. Sweta lililofumwa kila kipande kwa umbo lake lina mishono myembamba iliyounganishwa kitanzi kwa kitanzi, na karibu na kwapa utaona mstari wa alama ndogondogo mahali vitanzi vilipopunguzwa. Sweta lililokatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kisha likashonwa kwa mashine ya kuzungushia lina ukingo mnene uliojaa uzi wa poliesta. Hilo la pili si lazima liwe baya, lakini mshono ukifumuka utafumuka wote.

Chungulia pia mgongoni mwa shingo, kwenye usawa wa mabega. Pakiwa na utepe au mshono wa kuimarisha, aliyelitengeneza alifikiria uzito wa sweta lenyewe. Mwisho, sugua sehemu iliyofichika kwa kidole gumba mara ishirini. Nywele zikianza kujikusanya hapo hapo, nyumbani litaota vijipira tele.

Ninapolipenda sweta huwa pia nalikunja na kulipima uzito kwa mkono. Sweta jembamba la merino huwa gramu 250 hadi 350. La kazi nzito linaweza kukaribia kilo. Sweta linaloonekana nene lakini jepesi kama karatasi limejazwa hewa tu, na hewa hiyo haitakaa.

Nanunua mtandaoni na siwezi kulishika. Nifanyeje?

Uliza uzito kwa gramu na uombe picha tatu: lebo ya mchanganyiko, sweta likiwa limegeuzwa ndani nje kwenye kwapa, na ukingo wa mkono kwa karibu. Muuzaji anayejua bidhaa yake hujibu kwa dakika chache. Anayejibu “ni nzuri sana, ina joto sana” bila namba, mwache.

Sweta la mtumba ni wazo zuri?

Ni wazo zuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu sweta la mtumba limeshafuliwa na limeshaonyesha tabia yake. Kama lilikuwa la kurudi limesharudi, kama lilikuwa la kuota vijipira utaviona. Masweta ya jeshi ni mfano mzuri: sufu ngumu, yamebana, na yana viraka vya kitambaa mabegani na viwikoni tangu kiwandani.

Kagua mambo matatu. Viwiko: tia mkono ndani na uutandaze kuelekea mwangaza, sehemu iliyochakaa huonekana nyembamba kabla haijatoboka. Kwapa: harufu ya jasho la sufu hutoka kwa kufua, lakini kama sufu imekuwa ngumu na kavu hapo, imeshaharibika. Tatu, vitundu vidogo vya duara vilivyotawanyika ovyo. Hivyo ni vya nondo, na usiliweke sweta hilo karibu na mengine kabla ya kusoma swali la nondo hapo chini.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kutoka mshono wa ndani, ushike kwa kibano juu ya sahani na uuwashe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huwaka kwa shida, huzima yenyewe na kuacha majivu yanayosagika. Akriliki huyeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu. Ni uzi mmoja tu unaouchoma, si sweta.

Nichukue saizi ipi kama nitavaa nguo chini yake?

Zungusha futi kifuani ukiwa umevaa kile utakachovaa ndani. Ongeza sentimita 5 hadi 10 kwa sweta la kati. Sifuri au chini kidogo kwa fulana ya sufu ya ndani, ambayo inatakiwa ishike mwili. Sweta likiwa kubwa mno hewa haitulii, inapanda na kushuka kila unapotembea na kutokea shingoni. Likibana mno linajivuta, vitanzi vinafunguka na joto linatoroka.

Mikono iwe mirefu kiasi cha kufika kwenye mfupa wa kiganja. Mwili ufunike kiuno hata ukiinama. Mgongo wa chini uliobaki wazi huharibu kazi yote ya sweta.

Shingo ya duara, ya V, au ndefu ya kukunja?

Shingo ndefu kwa baridi kali, duara kwa kila siku, V kama unavaa shati lenye kola. Shingo ya zipu fupi ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu anayepanda na kushuka, kwa kuwa unaweza kuachia joto bila kuvua kitu.

Masweta ya wavuvi yana nini cha pekee?

Yana akili ya watu waliolazimika kutengeneza wenyewe walichokiharibu. Sweta la Guernsey, lenye jina la kisiwa kilichoko kati ya Uingereza na Ufaransa, hufumwa kwa uzi uliosokotwa sana na vitanzi vilivyobana hadi upepo unapata taabu kupita. La asili lina mbele na nyuma sawasawa, unaweza kuligeuza ili viwiko visichakae upande mmoja. Kwapani kuna kipande cha ziada ili mkono uinuke bila kuvuta mwili mzima. Nayo mikono hufumwa kuanzia begani kwenda chini, ili ukingo ukiisha ufumuliwe na kufumwa upya bila kugusa kingine. Kisiwa jirani, Jersey, ndicho kilicholipa jina vazi ambalo leo tunaliita jezi na kulivaa uwanjani.

Masweta ya Aran, kutoka visiwa vya magharibi mwa Ireland, ni yale meupe yenye misokoto minene kama kamba. Misokoto hiyo hutumia uzi mwingi na hushika hewa nyingi, ndiyo maana yana joto. Ile hadithi kwamba kila ukoo ulikuwa na mchoro wake ili maiti ya mvuvi aliyezama itambuliwe haina msingi wa kihistoria. Inauza masweta tu.

## Kuvaa

Sufu inaniwasha. Nina mzio?

Huenda huna. Kinachowasha ni ncha za nywele nene zinazochoma ngozi kama mabua madogo. Nywele zinazozidi mikroni 30 ni ngumu kiasi cha kutokukunjika zinapogusa mwili. Hata chache tu zikichanganyikana na laini zinatosha kukukera. Jaribu merino laini ndani ya mkono kwa nusu saa. Usipowashwa, tatizo lilikuwa unene.

Kwa sweta ulilonalo tayari, vaa fulana yenye mikono mirefu na shingo ya juu chini yake. Kufua mara chache kwa sabuni laini hupunguza makali pia. Ukipata vipele au uvimbe unaobaki hata baada ya kuvua, hapo ni suala la daktari wa ngozi. Wapo wachache wanaosumbuliwa na lanolini, mafuta ya asili ya sufu, au na rangi.

Mbona nina sweta nene la sufu na bado naona baridi?

Upepo. Sweta lina matundu, na upepo kidogo tu unaifagia ile hewa yote iliyotulia. Weka juu yake koti jembamba la kuzuia upepo, hata lile la nailoni unaloweza kulikunja likaingia mfukoni. Tofauti utaiona kabla hujafika mwisho wa barabara. Nimeona watu wakinunua sweta la tatu wakati walichokosa ni hicho.

Kama upepo si tatizo, angalia fulana ya ndani. Ikiwa ni ya pamba, rudi kwenye swali la sufu na pamba.

Mkoba wa mgongoni unalila sweta mabegani. Kuna dawa?

Koti laini la nailoni juu yake wakati wa kubeba mzigo. Au shonea viraka vya kitambaa mabegani, kama ya jeshi. Usivae mkoba juu ya kashmiri.

## Kufua na kutunza

Nifue mara ngapi?

Mara chache kuliko unavyofikiri. Sweta la juu linaweza kukaa wiki kadhaa. Likunjue usiku, litandaze kwenye kiti mahali penye hewa, asubuhi harufu imepungua sana. Fulana ya sufu ya ndani yaweza kuvaliwa siku mbili tatu kabla ya kuloweshwa. Doa dogo lisuguliwe peke yake kwa kitambaa chenye maji.

Nilifueje lisirudi?

Kila unywele wa sufu una magamba madogo kama ya samaki, yanayoelekea upande mmoja. Maji ya moto huyafungua, na kusugua huyasukuma yakashikana na ya jirani, hayaachani tena. Kwa hiyo adui si maji. Adui ni joto na msuguano vikikutana.

Tumia beseni, maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 30, na sabuni ya majimaji isiyo kali, shampuu inafaa. Epuka sabuni za unga zenye vimeng'enya, kwa sababu vimeng'enya vya kuondoa madoa ya protini haviwezi kutofautisha doa na sufu, ambayo nayo ni protini. Dawa ya kung'arisha yenye klorini usiiguse kabisa: inayeyusha sufu.

Lizamishe, libonyeze kwa viganja, liache dakika kumi. Suuza kwa maji ya joto lile lile. Unapolitoa, libebe kwa mikono miwili kutoka chini kama mtoto anayetoka kuoga, kwa sababu sweta lililojaa maji likiinuliwa mabegani linarefuka. Usilisokote. Litandaze juu ya taulo kavu, likunje pamoja na taulo kama mkeka, kisha ulikanyage kwa miguu. Taulo litanyonya maji mengi. Baada ya hapo lilaze kivulini juu ya taulo jingine, uliweke katika umbo lake kwa mikono, uligeuze siku ya pili. Usilianike kwenye kamba.

Nilipoanza kumiliki masweta ya sufu niliwahi kulitia moja kwenye mashine pamoja na mashuka, maji nyuzi 60. Lilitoka limeshonana, gumu kama zulia, likimtosha mtoto wa miaka minne. Mikono ilisimama yenyewe.

Lebo inasema linafuliwa kwa mashine. Niamini?

Ndiyo, kwa mzunguko wa sufu na maji baridi. Sufu ya namna hiyo imepitishwa kwenye klorini ili kulainisha yale magamba, kisha ikapakwa utando mwembamba, kwa hiyo haishikani. Gharama yake ni kwamba uzi unateleza zaidi na sweta hupenda kutanuka likilowa. Kulikausha ni vile vile: lilazwe.

Limesharudi. Linaokolewa?

Likiwa limepungua kidogo na bado unaona vitanzi vyake, loweka nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu yenye kiyoyozi cha nywele (kondishena), likamue kwa taulo, livute taratibu pande zote na ulibane kwa pini hadi likauke. Utarudisha kiasi. Kama vitanzi havionekani tena, limekuwa kitambaa kizito, na unaweza kulikata bila kuhofia kufumuka. Lile langu la nyuzi 60 lilitoa soli za ndani za viatu jozi mbili na kishikio cha sufuria.

Vijipira vinaota mbavuni na chini ya mikono. Ni bandia?

Si lazima. Hata sufu nzuri hutoa nywele fupi mwanzoni, zikasuguliwa zikajiviringisha. Vinyoe kwa kinyoleo cha nguo au wembe maalumu, sweta likiwa limelazwa mezani, bila kubonyeza. Usikatishwe tamaa na mara mbili za kwanza. Kwenye sweta zuri hupungua kadiri nywele fupi zinavyokwisha. Visipopungua baada ya msimu mzima, uzi ulikuwa wa nyuzi fupi.

Nondo wamevamia kabati. Nianzie wapi?

Anayekula si yule mdudu anayeruka; huyo hali kabisa. Wanaokula ni mabuu yake, meupe kama punje ya mchele, na hupenda gizani palipotulia, kwenye sufu yenye jasho au doa la chakula. Toa kila kitu, kung'uta juani, piga burashi kwenye mishono na kola, na safisha mianya ya kabati kwa mashine ya kufyonza vumbi. Kisha funga kila sweta kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Hapo hata mayai hufa.

Wakati wa kuhifadhi, weka sweta likiwa limefuliwa, kwenye chombo kinachofunga. Mbao za mwerezi hunukia vizuri, lakini harufu ikipungua nondo huingia kama kawaida. Vidonge vya naftalini siviweki ndani ya nyumba: mvuke wake una sumu, na kwa watoto wachanga wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

Kiwiko kimetoboka. Nitupe?

Hapana. Tundu dogo unaweza kulitililia: weka kitu cha mviringo ndani, hata balbu ya zamani au chungwa, tandika nyuzi wima ukianzia kwenye vitanzi vizima sentimita moja nje ya tundu, halafu pitisha sindano kwa mlalo, juu ya mmoja chini ya mwingine, kama anayesuka mkeka. Tumia uzi wa sufu wenye unene ule ule. Usivute. Tundu kubwa tia kiraka cha ngozi au cha sweta lililorudi. Uzi ukiwa mwembamba tu bado haujakatika, fanya kazi hiyo siku hiyo hiyo; itakuchukua robo saa badala ya jioni nzima.

## Hali za pekee

Ninakaa karibu na moto wa kuni. Cheche zitaliharibu?

Cheche itaacha alama nyeusi au kitundu, lakini sufu haishiki moto kwa urahisi na haiyeyuki ikagandamana na ngozi kama akriliki au poliesta. Karibu na moto, sweta liwe ndilo la nje na koti la nailoni likae pembeni.

Sweta langu jipya linanuka kondoo likilowa.

Ni lanolini iliyobaki. Baadhi ya masweta ya wavuvi huachiwa mafuta hayo makusudi ili yasukume manyunyu. Harufu hupungua kwa kila ufuaji, na ile sifa ya kusukuma maji hupungua nayo.

Nataka sufu isiyotokana na mateso ya mnyama.

Suala kubwa ni la merino: katika baadhi ya mashamba, hasa Australia, kondoo hukatwa ngozi sehemu ya nyuma ili nzi wasitage hapo. New Zealand ilipiga marufuku tendo hilo mwaka 2018. Tafuta sufu iliyoandikwa wazi kwamba kondoo hawakukatwa, muulize muuzaji nchi ilikotoka, au nunua mtumba. Masweta ya Shetland na Iceland hayatokani na merino, na kondoo wale hawana mikunjo ya ngozi inayosababisha tatizo hilo.